Makombo ya 1728: shajara ya kugawa utafiti uliobaki

Jumamosi, 11 Januari 2025. Kufungua sanduku

Miaka miwili iliyopita niliombwa niwaandalie wanafunzi maelezo ya dakika arubaini siku watakayokuja kutembea Ngome ya Yesu. Mada ilikuwa mara ya mwisho Wareno kuishika Mombasa, tangu Machi 1728 hadi Novemba 1729. Nikakusanya kama mtu anayepika pilau ya arusi, kumbe wageni ni kumi. Dakika zikaisha, na kilichobaki kikaingia kwenye katoni chini ya kitanda: madaftari matatu, fotokopi, ramani niliyoichora kwa mkono, na flashi yenye mafaili yanayoitwa "mpya", "mpya2" na "mpya kabisa".

Makombo haya nataka kuyagawa kabla mchwa hawajagawana wao. Naweka shajara hii ili mwenye katoni kama yangu aone njia niliyopita na mashimo niliyotumbukia.

Kwa asiyeijua habari yenyewe: Waomani waliwatoa Wareno ngomeni Desemba 1698, baada ya kuwazingira tangu Machi 1696. Ilipofika 1727 Oman ilikuwa inararuana yenyewe. Imamu Sultan bin Saif wa pili alikuwa amefariki, mrithi wake mtoto, na nchi imegawanyika kambi mbili za makabila, Wahinawi na Waghafiri. Huku Mombasa askari wa Kiafrika waliokuwa ngomeni wakawaasi mabwana zao Waomani. Ngome akapewa Sultani wa Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, naye akaikabidhi kwa Wareno waliokuja na merikebu kutoka Goa, koloni lao huko India, amiri wao Luís de Melo de Sampaio. Hawakudumu. Aprili 1729 watu wa Mombasa waliwainukia wakawafungia humo ngomeni, na tarehe 26 Novemba Wareno wakasalimu amri. Hawakuitawala tena Mombasa.

Mpango: kuskani, kupanga, kugawa. Nimejipa wiki tatu na shilingi 2,000.

Jumamosi, 25 Januari. Skani, mara ya kwanza na ya pili

Mara ya kwanza nilitumia simu, karibu na dirisha, mchana kweupe. Daftari zima la kwanza likaisha kwa jioni mbili na nikajiona fundi. Kufungua picha kwenye kompyuta ndipo nikaona kwamba maandishi ya penseli ya pembeni yamefutika kabisa. Wino wa buluu umetoka vizuri, penseli hakuna. Na penseli ndiyo niliyokuwa nikiandikia habari nimeitoa wapi na ukurasa gani. Kwa hiyo nilikuwa na kurasa sabini za maneno yasiyo na mwenyewe.

Nikahamia saiba. Kurasa 214 kwa shilingi kumi kumi, jumla 2,140. Bajeti yote imekwenda siku moja. Kijana wa saiba alizitazama zile karatasi akaniuliza, "Mzee, hii ni kesi ya shamba?" Nikamwambia ni kesi ya ngome.

Mambo mawili kwa atakayeniiga. Mwambie anayeskani aweke rangi ya kijivu, asiweke nyeusi na nyeupe tupu, la sivyo penseli itapotea tena. Na kila faili lianze jina lake kwa nambari ya daftari na ya ukurasa, D1-014, D1-015. Mimi niliyaita kwa mada ("vita", "vita na upepo") na siku tatu baadaye sikujua lipi ni lipi. Kuyabadilisha yote majina kulinichukua Jumapili nzima.

Jumamosi, 8 Februari. Nusu ya makombo si yangu

Hapa ndipo mradi ulipotaka kufa.

Nilipolisoma daftari la pili kwa utulivu, nilikuta kurasa kumi na moja nilizodhani ni maelezo yangu kumbe nimezinakili neno kwa neno. Chanzo ni historia ya Wareno katika pwani hii aliyoiandika Mjerumani Justus Strandes, iliyochapwa Berlin 1899. Lakini sikunakili Kijerumani chake. Nilinakili tafsiri ya Kiingereza iliyotoka Nairobi 1961, na tafsiri ina mwenye haki yake hata kama kitabu cha asili kimekwisha kuwa huru. Kuweka dondoo fupi si neno. Kuwagawia watu kurasa kumi na moja kwa jina langu ni wizi, hata kama niliiba nikiwa nimesinzia.

Nilijaribu kwanza kuzunguka kwa kubadilisha maneno: hapa "alifika" pale "aliwasili". Baada ya kurasa mbili niliona haya. Sentensi zilikuwa bado za mwenzangu, zimevishwa kanzu tu.

Dawa niliyoipata ni kuacha tafsiri kabisa na kuirudia asili. Mimi Kijerumani sikijui. Jirani mmoja aliwahi kuishi Ujerumani miaka mingi, nikampelekea zile sehemu za Kijerumani, yeye akanisomea kwa Kiswahili cha mdomo nami nikaandika nilichoelewa. Jioni nne, shilingi 3,500, na biriani ambayo siitii kwenye hesabu. Kurasa kumi na moja zikatoka kurasa tano. Fupi zaidi, lakini ni zangu.

Kutoka hapo nikaanzisha herufi tatu ambazo sasa ziko pembeni mwa kila aya: S, maana yake nimesoma mwenyewe kwenye asili, T, nimetoa kwenye tafsiri au kwa mtu wa pili, D, dhana yangu. Ningeziweka tangu siku ya kwanza ya utafiti, mwezi huu usingekuwepo.

Jumamosi, 22 Februari. Majina

Hatua ya kawaida, nisiirefushe. Nimetengeneza ukurasa mmoja wa majina, kwa sababu anayetafuta "Faza", mji wa kisiwani Pate, katika maandishi ya Wareno hataiona kamwe. Wao waliandika Ampaza. Kilwa ni Quiloa, Mafia ni Monfia, Mombasa ni Mombaça, na Malindi ni Melinde. Amiri mwenyewe utamkuta Melo de Sampaio, Mello Sampayo, na mchanganyiko wa hayo mawili. Nilipotea wiki nzima enzi zile nikidhani ni ndugu wawili.

Nimeongeza pia maelezo kwa nini mambo mengi yako Goa na si Lisbon. Barua za makao makuu na Goa zilifungwa majuzuu kwa majuzuu yakaitwa Livros das Monções, Vitabu vya Misimu, maana barua zilisafiri na pepo za msimu. Lisbon nayo ilipigwa na tetemeko la 1755, na Casa da Índia ikaangamia pamoja na karatasi zake. Niliiandikia idara moja ya kumbukumbu nikiomba nakala mbili. Miezi minne, kimya. Nimeliandika hilo kwenye orodha ya njia zilizofungwa, ili mwingine aanzie kwingine.

Jumapili, 9 Machi. Ngome iliyotekwa mara mbili

Nilikuwa napanga mfuatano wa tarehe nikaona jambo la ajabu: katika karatasi zangu Wareno wameingia ngomeni tarehe 16 Machi 1728, kisha wakaingia tena tarehe 27 Machi. Na wametoka 26 Novemba 1729, kisha wakatoka tena 7 Desemba.

Tofauti ni siku kumi na moja, na siku kumi na moja nazijua zilikotoka. Nilipoanza utafiti nilisoma kwamba tarehe za karne ya 18 lazima ziongezwe siku hizo ili zilingane na kalenda ya leo. Nikaziongeza katika daftari la kwanza. Katika la pili nikasahau. Ule ushauri ni sawa kwa karatasi za Waingereza, waliobadilisha kalenda 1752. Wareno walibadilisha 1582, tena katika nchi za mwanzo. Tarehe zao za 1728 ni kama za leo, haziguswi. Nimezirudisha zote, sehemu thelathini na nane, moja moja kwa kalamu nyekundu.

Limebaki tatizo dogo lisilotokana na ujinga wangu. Orodha moja ya watawala wa Mombasa inaanza na Wareno tarehe 12 Machi, na maelezo mengine yanasema 16 Machi. Nimeandika zote mbili na penye jumla nimeandika "Machi 1728". Sitachagua kwa sababu moja inapendeza.

Baada ya kusafisha, nikafanya kitu ambacho sikukifanya katika utafiti wenyewe: nikazigeuza tarehe kuwa za Hijria. Mwaka 1140 ulianza tarehe 19 Agosti 1727, na 1141 ukaanza 7 Agosti 1728. Ni kwa hesabu, kwa hiyo kuandama kwa mwezi kunaweza kusogeza siku moja au mbili. Kuingia kwa Wareno kukaangukia mwanzoni mwa Shaabani 1140. Kutoka kwao, mwanzoni mwa Mfungo Nane 1142. Na uasi wa Aprili 1729?

Ramadhani ya 1141 ilianza 31 Machi 1729 ikaisha 29 Aprili.

Nilirudia hesabu mara tatu. Ilikuwa usiku, tumetoka tarawehe, barabara ya Ndia Kuu bado ina watu, watoto hawataki kulala. Mwezi ule ule. Mji ambao kila usiku wanaume wote wako msikitini, kisha barazani hadi daku, hauhitaji kupiga mbiu ili watu wakutane. Nimeiandikia herufi D, na D itabaki. Lakini kwa miaka miwili niliwaeleza watu "Aprili" na sikuona kitu. Tena kama ningeacha zile siku kumi na moja, zaidi ya theluthi ya mwezi ingenitoka.

Hesabu hiyo hiyo imeniletea jingine. Nakala ya zamani ya Utendi wa Tambuka, aliouandika Mwengo wa Athumani kwa amri ya Sultani wa Pate, ina mwaka 1141. Vitabu huandika 1728. Lakini 1141 ilikwenda hadi Julai 1729, kwa hiyo mwaka wa Kizungu unaweza kuwa wowote katika hiyo miwili. Utenzi wa vita vya Waislamu na Warumi, uliotoka katika jumba lile lile la Pate lililowakabidhi Wareno ngome! Katika maelezo yangu ya dakika arubaini haukupata hata sekunde moja.

Jumamosi, 12 Aprili. Pepo na ramani

Nilitaka kuweka chati ya pepo kandokando ya mfuatano wa tarehe. Merikebu za Goa zilikuja na kaskazi, Desemba hadi Machi. Kusi ikianza, njia ya kutoka India inafungwa. Ukiweka uasi juu ya chati hiyo unaona Wareno walifungiwa mara mbili, ngomeni na baharini. Goa haikuweza kuwafikia mpaka kaskazi irudi. Msumbiji ndiyo ingeweza kutuma chombo na kusi. Wakasalimu amri mwisho wa Novemba, wiki chache kabla ya kaskazi ambayo ingeleta merikebu.

Chati yangu ilikuwa na mstari mnene tarehe 1 Aprili: huku kaskazi, huku kusi. Nikaichukua hadi Bandari ya Kale kumwonyesha mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

Akaishika karatasi mbali na macho, akaweka kidole chenye kovu juu ya mstari wangu. "Hii nani kachora? Bahari haina ukuta. Hapa kati una malelezi. Upepo waja huku, warudi huku, wakaa kimya siku nne wewe watoa jasho tu. Sema mwezi wa sita na wa saba kusi ikikaza, hapo vyombo wavipandisha pwani. Lakini Aprili?" Akatikisa kichwa. "Aprili mtu hujaribu bahati."

Nimeufuta mstari. Mahali pake kuna rangi inayofifia kutoka Machi hadi Mei. Dhana inabaki, ila imelegea kidogo: nimeandika "ngumu sana kufikika" badala ya "imefungwa".

Ramani ilikuwa aibu kubwa zaidi. Nilichora ngome kwa kupima picha nilizopiga mwenyewe, kisha nikaandika juu yake "Ngome mwaka 1728". Ngome ya leo imepita mikono mingi tangu Wareno waanze kuijenga 1593. Waomani, na Wamazrui waliotawala Mombasa baadaye, waligusa kuta na minara, na Waingereza wakaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ukuta niliouchora nikisema Wareno walijificha nyuma yake huenda wao hawakuuona. Sikuwa na njia ya kuitengeneza, nimeitoa. Mahali pake nimeweka mchoro wa mstari tu unaoonyesha kisiwa, mlango wa bandari, mji na ngome iko wapi, bila urefu wa ukuta wowote.

Jumamosi, 3 Mei. Kuonjesha watu

Nilichapisha nakala tatu, kurasa 38 kila moja. Karatasi na kufunga mgongo, 870. Nikampa mwalimu wa sekondari, mwanafunzi wa chuo, na yule jirani wa Kijerumani.

Mwanafunzi alilalamikia ukubwa. Kifurushi chote na skani ni gigabaiti mbili na zaidi, na yeye anapokea kila kitu kwa WhatsApp. Nimekigawa: maandishi peke yake megabaiti nne, skani mbali kwa anayezitaka. Jirani alisahihisha tahajia.

Mwalimu alirudisha nakala yake baada ya siku mbili. Hakuandika chochote ndani isipokuwa kupigia mstari majina ya watu. Halafu akaniambia, "Kaka, nimehesabu. Wareno kumi na tisa wenye majina. Wa hapa wanne, na watatu ni masultani. Mombasa ilipinduliwa na nani, na upepo?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilikusanya kutoka karatasi za Wareno, na Wareno waliandika habari zao. Nimetumia wiki mbili kurekebisha, na sehemu kubwa ya mambo yalikuwa tayari kwenye katoni, daftari la tatu, ambalo nililidharau kwa kuwa halikuwa na tarehe nyingi. Mji wenyewe ulikuwa na mpango wake: Taifa Tatu, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, na Taifa Tisa zikiongozwa na Wamvita, jumla Thenashara Taifa. Tarikh ya Mombasa inaeleza kwamba baada ya kuwatoa Wareno watu wa mji walipeleka ujumbe Oman kwa Imamu. Oman yenyewe ilikuwa bado majeruhi; viongozi wa pande zote mbili, Muhammad bin Nasir na Khalaf bin Mubarak, waliuawa Sohar katika mwaka 1728 huo huo. Baadaye ndipo akaja liwali wa Kimazrui, na ukoo huo ukaishika Mombasa hadi 1837.

Nimeingiza pia kombo ambalo halihusu vita hivi moja kwa moja, na nimekataa kulitoa. Katika kumbukumbu za Goa kuna barua za Kilwa za mwaka 1711 hivi, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa yaliyobaki. Wanaoandika ni wanawake wa nyumba ya kifalme, Mwana Nakisa na Mfalme Fatima. Anayeandikiwa ni Mwinyi Juma, Msumbiji. Mtu akitaka kujua pwani ilikuwa ikisemaje kuhusu Waarabu na Wareno miaka kumi na saba kabla ya 1728, aanze hapo.

Jumamosi, 14 Juni. Kifurushi kimetoka

Wiki tatu zimekuwa miezi mitano. Matumizi: saiba 2,140, flashi mpya ya kuhifadhi skani 1,200, bando 1,500, Kijerumani 3,500, kuchapa nakala za majaribio 870. Jumla shilingi 9,210, dhidi ya 2,000 nilizopanga. Zaidi ya theluthi imekwenda kwenye kurasa tano za kosa la kunakili.

Kilichomo: kurasa 44 za maelezo zenye S, T na D pembeni, mfuatano wa tarehe wenye Hijria na Miladia, ukurasa wa majina, chati ya pepo, mchoro wa kisiwa, na orodha ya njia zilizofungwa. Ruhusa nimeiandika ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili: nakili, gawa, rekebisha, taja ulikotoa, na ukibadilisha D yoyote kuwa S niambie. Kwa sasa nina S 61, T 40, D 23. Zile kurasa kumi na moja za tafsiri hazimo, na ukurasa D3-027 haumo kwa sababu ulimwagikiwa kahawa na mimi mwenyewe siwezi kuusoma.

Mwalimu amekwisha chukua nakala yake. Kidato cha pili wanaandika igizo la uasi, na ameniuliza swali jipya: usiku wa kwanza, waanzie msikitini au barazani? Nimemwambia iko kwenye D.